Jiwe la Nyumba Yako Lilitoka Wapi?

Ukigusa ukuta wa nyumba ya mawe Malindi, Watamu au Mtwapa, huenda unagusa mabaki ya viumbe wa baharini. Takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa mita kadhaa juu ya ilivyo leo. Maji yaliposhuka, matumbawe yalibaki nchi kavu yakawa mwamba. Ndio tunaokata hadi leo kujengea.

Ukipanda kuelekea Mazeras na Mariakani, jiwe hubadilika. Huko ni jiwe la mchanga, lililojijenga tabaka juu ya tabaka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Kwa sababu ya matabaka hayo, hupasuka vipande bapa. Ndiyo maana mawe ya Mazeras hutandazwa nyuani na kubandikwa kutani, hata Nairobi. Katika miamba hiyo hupatikana pia vipande vya miti iliyogeuka mawe.

Matembezi ya kujua mawe

Tarehe 6 Oktoba kila mwaka, kwa uamuzi wa UNESCO wa mwaka wa 2021, dunia huadhimisha miamba, udongo na sura ya nchi. Shule, kikundi cha vijana au kamati ya kijiji inaweza kuandaa matembezi siku hiyo, au siku nyingine yoyote. Mwaliko umfikie fundi mwashi na mkata mawe, kwani wao ndio wanaoyajua mawe kwa mikono yao.

Beba chupa ndogo ya siki. Idondoshe juu ya kipande cha jiwe la matumbawe kilichokwaruzwa: itatoa povu, kwa kuwa jiwe hilo lina chokaa. Kwenye jiwe la mchanga, mara nyingi hutaona kitu.

Jaribio hilo lina faida kwa anayejenga. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na hunywa maji. Karibu na bahari, maji hayo huwa na chumvi, nayo hula ukuta polepole. Wazee wetu walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaipaka ukutani.

Gede ni darasa

Kazi yao ingali imesimama Gede, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2024. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari.

Magofu yetu yanalindwa na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006. Tusichukue mawe yake kujengea. Jiwe moja likiondolewa, lililo juu yake hulegea, na ukuta uliosimama karne nyingi huanguka kwa msimu mmoja wa mvua.

Matimbo yaliyoachwa

Kila nyumba ya mawe imeacha shimo mahali fulani. Timbo likiachwa wazi hujaa maji ya mvua, likawa hatari kwa watoto na mifugo. Lakini shimo si lazima libaki jeraha. Bamburi, jirani zetu wa Mombasa, upandaji wa mivinje ulianza mwaka wa 1971 katika machimbo ya mawe ya saruji; leo pana msitu.

Kabla ya kumruhusu mtu achimbe shambani mwako, muulize kama ana kibali cha NEMA, na shimo litafukiwa na nani. Mkubaliane kwa maandishi kabla ya jiwe la kwanza kukatwa.