Kura ya wachimbaji wa McDowell

Tangu serikali ya Marekani ikate misaada yake mwaka 2025, swali moja linarudi katika vikao vya makanisa yetu: Wakristo wa vijijini kule, wengi wao Waprotestanti kama sisi, walikuwa wanafikiri nini walipopiga kura? Jibu tunalolisikia mara nyingi ni kwamba dini ndiyo iliyowaongoza. Tuangalie wilaya moja tu, McDowell, kusini mwa jimbo la West Virginia.

McDowell ni milima, mabonde membamba na makaa ya mawe. Mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 99,000. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta 19,000 na kidogo. Ndugu zetu wa Kamituga wanaoikumbuka SOMINKI hawahitaji kuelezwa maana ya kampuni kuondoka.

Zamani wilaya hii ilikuwa ya chama cha Republican. Nyumba zilikuwa za kampuni, duka pia, na mchimbaji aliyejiunga na chama cha wafanyakazi aliweza kupoteza kazi na nyumba kwa siku moja. Tarehe 1 Agosti 1921, Sid Hatfield, mkuu wa polisi aliyesimama upande wa wachimbaji, aliuawa kwa risasi kwenye ngazi za mahakama ya Welch, makao makuu ya wilaya. Waliomuua walikuwa walinzi wa kukodiwa na makampuni. Mwaka 1933, chini ya rais Roosevelt wa chama cha Democrat, sheria iliwapa wafanyakazi haki ya kujiunga pamoja. Tangu hapo, kwa familia nyingi, chama cha Democrat kilikuwa urithi wa baba kwa mwana.

Mwaka 1960 ndio unaotupa funzo kubwa zaidi kuhusu dini. John Kennedy, Mkatoliki, alitafuta kuteuliwa na chama chake katika jimbo ambalo Waprotestanti walikuwa wengi mno. Mpinzani wake, Hubert Humphrey, alikuwa Mprotestanti. Tarehe 10 Mei Kennedy alishinda kwa asilimia 61 hivi. Fedha zake zilisaidia, tusidanganyane; lakini pia alizunguka kambi za wachimbaji akaona njaa kwa macho yake. Alipokuwa rais, familia ya kwanza ya mpango wake mpya wa jetoni za chakula ilizipokea pale pale Welch, Mei 1961.

Halafu mashine zikachukua kazi ya mikono, na katika miaka ya 1980 migodi mikubwa ikafungwa. Chama cha wafanyakazi kikadhoofika. Viongozi wa Democrat kule Washington wakaanza kusema zaidi juu ya moshi wa makaa kuliko juu ya mtu anayeyachimba. Hata hivyo, mwaka 2004 McDowell ilimpa John Kerry zaidi ya asilimia 60, na mwaka 2008 ikampa Barack Obama zaidi ya nusu. Mwaka 2012 ikageuka. Mwaka 2016 Donald Trump, aliyeahidi kurudisha makaa, alipata karibu robo tatu, baada ya Hillary Clinton kusema hadharani kwamba wachimbaji na makampuni ya makaa watapoteza kazi. Aliendelea kusema wasisahauliwe, lakini watu walishika maneno ya kwanza. Mwaka huo huo, katika uteuzi wa ndani wa Democrat, wilaya ilimchagua Bernie Sanders, anayejiita msoshalisti!

Utoaji mimba na bunduki vina uzito kule, na wahubiri huvisema. Lakini wahubiri walikuwepo mwaka 1960, na walikuwepo mwaka 2004. Kilichobadilika kati ya hapo ni kazi, na nani anayeonekana kuitetea. Tukumbuke pia wasiopiga kura kabisa: mwaka 2008 kura za wilaya nzima hazikufika 7,000.

Mwaka 2020 Trump alipata huko karibu asilimia 79. Familia nyingi za McDowell bado zinakula kwa msaada ule ulioanzia Welch, ingawa siku hizi jetoni zimekuwa kadi. Julai 2025, miezi michache baada ya misaada yetu kukatwa, rais huyo huyo alitia sahihi sheria inayopunguza fedha za kadi hizo.