Kabla ya Kuisifu Busaa, Likague Pipa

Siku moja walinijia wanaume watatu waliotoka kwenye sherehe upande wa Sotik. Walikuwa wakitapika na kulalamikia msokoto wa tumbo. Kila mmoja alishuku nyama. Nilipowahoji zaidi, wote walikiri kwamba walikunywa busaa iliyolala katika pipa la bati, tena lilikuwa jipya kabisa. Walisema ilikuwa na ladha ya chuma. Wenzao waliokula nyama ileile bila kugusa busaa walikuwa wazima.

Pipa lile halikuwa chafu. Tatizo ni kwamba bati hupakwa zinki ili lisishike kutu. Busaa nayo ni chachu, na asidi yake huiyeyusha zinki hiyo ikaingia kinywajini. Wagonjwa wangu walipona, lakini wapo ambao huponzwa na mabaya zaidi.

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet, kibuyu cha mursik hutunzwa mithili ya mtoto. Husuguliwa, hukaushwa, kisha hupakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet. Ajabu ni kuwa pipa la pombe huokotwa popote.

Je, chombo kifaacho ni kipi? Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, chuma kisichoshika kutu, au plastiki ya kuhifadhia chakula, yenye alama ya glasi na uma. Usitumie kamwe mtungi uliobeba dawa ya kuua magugu au wadudu, rangi au mafuta ya gari. Plastiki hunyonya dawa hizo, na hata ukiiosha mara kumi zitaendelea kutoka polepole.

Usafi nao una utaratibu wake. Suuza chombo mara tu kinapomalizika, kabla mashapo hayajakauka. Kisugue kwa maji moto na sabuni, ukisuuze, kisha ukimwagie maji yanayochemka ikiwa ni cha chuma. Mfereji wa pipa ufunguliwe vipande vipande, kwani uchafu hujificha ndani ya mipira na mianya. Plastiki iliyokwaruzwa itupwe, kwa maana viini hujikita katika mikwaruzo. Ukitumia dawa ya klorini, suuza vizuri, na usiichanganye na siki: mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Jihadhari pia na kifuniko. Pombe inayochachuka hutoa gesi, na chombo kilichozibwa kabisa chaweza kupasuka. Pipa la chuma lenye gesi, kama yale yaliyozoeleka katika baa tangu Senator Keg iingie sokoni mwaka wa 2004, lisifunguliwe na fundi wa kubahatisha. Shinikizo lililo ndani laweza kumrushia usoni kipande cha chuma.

Hata hivyo, kuna sumu isiyotolewa kwa kuosha. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi, wengi katika mtaa wa Mukuru, kwa pombe iliyotiwa methanoli, spiriti ya viwandani. Februari 2024 pombe haramu iliua zaidi ya watu 10 kule Kirinyaga. Mnywaji akilalamika kwamba haoni vizuri, au akipumua kwa kasi na kuumwa na kichwa na tumbo, mpeleke hospitalini mara moja. Usingoje alale "ulevi umtoke", kwani dalili huweza kuchelewa hata siku nzima.

Kumbuka vilevile kuwa sheria ya mwaka wa 2010 inamtaka mtengenezaji na muuzaji wa pombe awe na leseni. Na pipa safi haliifanyi pombe kuwa dawa. Bomet ni miongoni mwa sehemu zenye saratani nyingi ya umio, na madaktari wa Hospitali ya Tenwek wamewatibu wagonjwa wengi. Pombe ni mojawapo ya visababishi vya ugonjwa huo. Asiyekunywa asianze, na anayekunywa apunguze.

Lakini ukienda nyumbani na kukaribishwa, usione haya. Kabla ya kushika mrija, muulize mwenyeji: "Chombo hiki kilibeba nini kabla ya busaa?" Asipojua, omba chai.