Nasa Ndege Akiruka, Usimpoteze Mpenzi

Kuna kitu kinaharibu wikiendi za wapenzi siku hizi, na wala si simu. Ni kamera! Jamaa kajibana miezi kadhaa, kanunua lenzi ndefu, kampeleka bibie Saadani wakapumzike, halafu masaa mawili mtoni kainamia vitufe. Furukombe kapita, kaenda zake. Bibie kanuna. Jioni wakizifungua picha, ukungu mtupu. (Si wanaume tu jamani. Kina dada nao wamo kwenye fani, na kuna kina kaka wanaishia kubeba begi.)

Dawa yake ni kuipanga kamera usiku wa kuamkia safari, mkiwa chumbani. Ukifika kwenye boti kazi yako ibaki moja, kubonyeza.

Anza na kasi ya shata, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Ukiiachia kamera ijiamulie, mara nyingi itakuchagulia kasi ndogo, tuseme 1/250 ya sekunde. Kwa mpenzi wako aliyetulia na juisi yake ya embe inatosha kabisa. Kwa ndege anayepiga mbawa haifui dafu. Weka 1/2000. Wakubwa wenye mwendo wa maringo, kama korongo, hata 1/1000 unawapata. Wadogo wenye papara kama mbayuwayu panda mpaka 1/3200, na hapo bado jiandae kukosa nyingi. Usidanganyike na kile kifaa cha kuzuia mtikisiko ndani ya lenzi. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege.

Sasa, kasi hiyo inakula mwanga. Weka modi ya M, fungua tundu la lenzi f/5.6 au f/6.3, kisha ISO iachie kamera yenyewe ila uiwekee kikomo, mfano 6400. Najua mnaogopa chengachenga. Bora chenga! Picha yenye chenga unaisafisha kwenye kompyuta na inapendeza ukutani, lakini iliyovurugwa na mwendo ni kazi kweli kuiokoa.

Fokasi nayo isiwe ile ya kushika mara moja na kuganda, maana ndege hakusubiri. Kwenye Nikon na Sony tafuta AF-C, kwenye Canon tafuta Servo. Kamera itaendelea kumfuata muda wote kidole kikiwa nusu kwenye kitufe. Washa na upigaji wa mfululizo. Kamera nyingi mpya zisizo na kioo ndani zinatambua jicho la ndege zenyewe, basi ingia kwenye menyu uwashe. Kama yako ni ya zamani, chagua kundi dogo la pointi za katikati.

Kuna kitufe kimoja tu utakachokihitaji mtoni, chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ndege mweusi kwenye anga jeupe hutoka kivuli, kwa hiyo mwongeze +1. Yangeyange mbele ya mikoko iliyokolea, mpunguzie kidogo, la sivyo manyoya yake yatakuwa karatasi nyeupe. Furukombe ndiye msumbufu, maana kichwa cheupe na mwili wa giza. Akipita mbele ya miti, linda kichwa.

Kwa nini naitaja Saadani? Kwa sababu ni hifadhi ya taifa tangu 2005, mtu wa Dar anaifika kwa wikiendi, na kuna safari ya boti Mto Wami ambako furukombe hukaa juu ya miti wakikodolea maji. Nenda asubuhi, jua likiwa mgongoni kwenu. Mwombe nahodha azime injini mkikaribia, na usiegemeze lenzi kwenye ukingo wa boti injini ikiwa inaunguruma. Ndege kwa kawaida huruka akiukabili upepo, kwa hiyo ukijua upepo unatoka wapi, unajua atakuja uelekeo gani. Akiinama mbele na kujikunyata, anza kubonyeza. Wale wanaopiga makofi ili ndege aruke, mimi naona ni utovu wa adabu. Subiri aruke kwa hiari yake.

Na mwenzi wako asikae kama mzigo. Mpe darubini awe macho yako. Wewe ukiwa umebana jicho kwenye kamera huoni pembeni, yeye ndiye atakayekwambia, "Kushoto, juu ya mti mkavu, anajiandaa!" Ukimpata, picha ni yenu wote.

Kabla hamjatumia hela ya safari, jifunzieni kwa kunguru. Dar hawana idadi, na pale Feri kwenye soko la samaki wanapita juu ya vichwa vya watu kutwa nzima. Kunguru ni mweusi, ana haraka, na hadai kiingilio. Ukimpata akiwa makini na jicho linang'aa, umeiva.

Mkifika Wami mtafuteni mdiria yule wa rangi nyeusi na nyeupe. Huyu ana mchezo wa kusimama hewani juu ya maji, mbawa zikipiga, kichwa kimetulia tuli, kabla hajajitosa kufuata samaki. Hapo ndipo unapomkabidhi mwenzio kamera. Kila kitu kimeshapangwa tangu jana usiku, yeye abonyeze tu.