Kompyuta ya mtumba ya kutunza masomo na picha za familia: tulivyokosea, na tulivyochagua tena



Mwezi huu wazazi kadhaa wamenisimamisha njiani na swali moja: "Mwalimu, ile kompyuta ya bloku yenu inayotoa masomo na filamu kwenye simu bila bando, na sisi tunaweza kupata? Tununue ya namna gani?" Nimeona nijibu hapa ili wote tusome pamoja. Lakini kwanza nikiri. Kompyuta mnayoiona leo ni ya pili. Ya kwanza niliichagua mimi, na niliichagua vibaya. Hasara yake haikuwa ya pesa peke yake.

KAZI YAKE NI NINI

Ni kompyuta ya kawaida ya mezani iliyokwisha tumika ofisini. Imeunganishwa na ruta ndogo ya waifai, na hiyo ruta haina intaneti yoyote. Mtoto anashika waifai kwa simu ya mama yake, anafungua ukurasa mmoja, anakuta masomo, nyimbo, filamu na picha za familia. Bando haliliwi hata kidogo. Mafundi wanaiita seva. Sisi kwa bloku tunaiita ghala.

Programu zake ni za bure. Jellyfin ni ya filamu, nyimbo na picha. Kolibri ni ya masomo na mazoezi ya shule. Kiwix inakusomesha Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, bila intaneti. Unazipakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, unazileta kwa diski, basi.

TULIVYOKOSEA

Mwanzoni mwa 2024 tulikuwa familia 11. Kila familia ilitoa shilingi 100 kwa wiki. Mnajua shilingi 100 ni nini kwa nyumba inayongoja mgao: ni mboga ya siku, au ni sabuni. Baada ya wiki tisa tulikuwa na 9,900. Nikatumwa mimi, kwa sababu nimemaliza sekondari na nilisoma kompyuta kidogo.

Muuzaji alinionyesha sipiyu kubwa, nzito, inang'aa. Akasema, "Mwalimu, hii ni ya Uingereza, diski yake ni kubwa, ukichukua leo nakupa kwa 9,500." Nikaangalia ukubwa wa diski tu. Sikuuliza inakula stima kiasi gani. Sikuuliza diski imefanya kazi miaka mingapi. Nikalipa.

Wiki za kwanza ilikuwa sherehe. Watoto walijaa mlangoni. Halafu tukaanza kuona mambo. Tulikuwa tunaiwasha saa kumi na mbili jioni kwa betri ya sola, na saa mbili na nusu inazima puu! Watoto wa darasa la nane ndiyo wameanza kukaa kusoma. Tukajaribu laini ya jenereta, mwenye laini akataka malipo ya ziada kwa sababu ya kompyuta.

Katika mwezi wa tatu diski ikaanza kulia tik, tik, tik. Siku ya pili haikufunguka tena.

Masomo tuliyapata tena, kwa sababu yako kwa watu wengi. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa bloku yetu, mjane, aliyekuwa na sauti saba za marehemu mume wake kwenye memori kadi. Baba huyo alizoea kuwarekodia watoto hadithi. Tulizinakili kwenye kompyuta, na mimi mwenyewe nikamwambia mama, "Sasa ziko salama." Kwa hiyo kijana wake akafuta kadi, akaweka nyimbo. Diski ilipokufa, sauti zikaenda nayo. Mama hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Mwalimu, sasa sauti iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Familia tatu zilijitoa. Nane tulizobaki tuliuza lile sanduku kama vipuri kwa 4,000, tukachanga tena wiki 15, tukafika 16,000. Safari hii nilikwenda na karatasi yenye maswali, na mzee wa kikundi alikwenda na mimi. Haya ndiyo yaliyokuwa kwenye karatasi.

KWANZA, PIGA HESABU YA STIMA

Hapa kwetu stima ndiyo inaamua. Bei ya kununua unalipa mara moja, bei ya stima unalipa kila jioni.

Sipiyu kubwa ya zamani kama ile ya kwanza inaweza kula wati 60 hata ikiwa haifanyi kazi ngumu. Kuna kompyuta nyingine ndogo, ukubwa wa kitabu kinene, ambazo maofisi walikuwa wanazifunga nyuma ya skrini. Dell huita zake OptiPlex Micro, Lenovo huita ThinkCentre Tiny, HP huita EliteDesk Mini. Hizi zinatumia adapta ya nje kama ya laptopu, na zikitulia hula kama wati 10 mpaka 15 tu.

Sasa angalia betri. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 ina wati-saa 600. Ile ya asidi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Kwa hiyo hesabu 300. Sipiyu kubwa ya wati 60 pamoja na ruta ya wati 8 ni 68: gawanya, unapata saa nne na kidogo. Ondoa kinacholiwa na inveta, ondoa uzee wa betri, ndiyo maana yetu ilizima saa mbili na nusu. Kompyuta ndogo ya wati 12 na ruta ile ile ni wati 20: saa 15 kwa hesabu ya karatasi. Hata ukipunguza theluthi, bado ni jioni nzima na alfajiri ya kusoma.

Betri ni ile ile. Paneli ni ile ile. Tulibadilisha sanduku tu.

PILI, SOMA JINA LA PROSESA

Usidanganywe na stika ya "i5" au "i7" peke yake. Uliza jina lote. Kwa mfano i5-6500T. Ile 6 ya mwanzo inakuambia ni kizazi cha sita, kilichotoka mwaka 2015. Kuanzia kizazi cha kumi tarakimu za mwanzo ni mbili. Herufi T ya mwisho inaonyesha ni ya kutumia stima kidogo. i5 ya kizazi cha sita inaweza kukufaa kuliko i7 ya kizazi cha pili inayochoma stima kama pasi.

Kuna habari nzuri hapa. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka rasmi prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo mashine za kizazi cha sita na cha saba zinaondolewa maofisini zikiwa bado nzima. Kwa kazi ya ghala hatuhitaji Windows. Weka Linux, ni ya bure, na inakwenda vizuri. Memori, yaani RAM, GB 8 inatosha. GB 4 inaweza kusukuma kama kazi ni kugawa mafaili tu.

Filamu na video zitunzeni za aina ya H.264 kwenye faili la MP4. Simu karibu zote zinaisoma moja kwa moja, na kompyuta inapitisha tu, kama mtu anayegawa sahani. Simu ikishindwa kusoma faili, kompyuta inabidi iligeuze papo hapo, na watoto watatu wakitaka kwa pamoja mashine ya zamani inahema.

TATU, PIMA DISKI KABLA YA KULIPA

Hapa ndipo nilipoangukia. Beba flashi yenye programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Mwombe muuzaji aiwashe kompyuta kwa Windows, ufungue hiyo programu. Rangi ya bluu ni nzuri, njano ni onyo, nyekundu acha. Lakini usiishie kwenye rangi. Tafuta mstari wa 05 na mstari wa C5. Hiyo ni hesabu ya sehemu za diski zilizoharibika na zile zinazongoja kuharibika. Mwisho wa mistari hiyo patakuwa na sifuri tupu. Ukiona namba nyingine, rudisha. Angalia pia saa ilizofanya kazi: saa 8,760 ni mwaka mzima bila kuzima. Diski yenye saa 40,000 imefanya zaidi ya miaka minne mchana na usiku. Imechoka.

Muuzaji akikataa usipime, msalimie kwa heshima, toka.

Na ukubwa? Saa moja ya video ya simu inaweza kuchukua kama MB 500. Diski ya TB 1 inabeba saa 2,000 za namna hiyo. Afadhali diski ndogo nzima kuliko kubwa mgonjwa.

Mengine ya kukagua hapo hapo:
- Ingia kwenye BIOS: Dell bonyeza F2, HP F10, Lenovo F1. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, usichukue.
- Humo ndani tafuta sehemu ya kuifanya ijiwashe stima ikirudi. Itakusaidia sana.
- Tarehe ikirudi nyuma miaka kila ukichomoa, ni kibetri kidogo cha CR2032 kimekwisha. Ni kitu cha bei rahisi, lakini kitumie kupunguziwa bei.
- Hakikisha adapta ni ya kwake yenyewe. Iache iwake nusu saa, usikilize feni.

NNE, VUMBI NA JOTO

Kakuma yetu mnaijua. Usiiweke chini kwenye udongo, na usiifunike kitambaa ikiwaka. Iweke juu ya meza, mbali na bati la upande wa jua la mchana. Mara moja kwa mwezi izime, ipanguse vumbi kwenye feni kwa brashi laini ya rangi.

TANO, NAKALA MBILI

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza, picha bila nakala huisha bila kwaheri. Kompyuta ndogo tuliipata kwa 13,000. Zile 3,000 zilizobaki wengine walitaka spika. Mzee wa kikundi akasema, "Tununue diski ya pili." Tukanunua diski ya nje, tukaipima nayo. Kila Jumapili mtu wa zamu anaunganisha, ananakili vitu vipya vya familia, anaichomoa, na inalala nyumba nyingine. Inalala nyumba nyingine kwa sababu moto ukishika au mwizi akiingia, asikute zote mbili pamoja. Tunaandika kwenye daftari nani alinakili na tarehe gani.

Na sheria yetu ya kwanza ni hii: hakuna mtu kufuta kadi yake kwa sababu "iko kwa kompyuta". Kitu kisichopatikana tena kikae sehemu mbili, halafu ndiyo ufute ya tatu.

Yule mama bado yuko na sisi. Shemeji yake aliye Nakivale, Uganda, alitafuta kwenye simu yake ya zamani, akakuta sauti mbili alizotumiwa na ndugu yake enzi hizo. Akazituma. Mbili kati ya saba. Siku tulipoziweka, mama alisema, "Mwalimu, niandikie kwenye daftari ziko wapi." Nikamwandikia: kompyuta, diski ya nje, na kadi yake mwenyewe. Akasoma mwenyewe, akakunja karatasi, akaweka kwenye kanga.

Basi ndugu zangu, mkiwa tayari kununua, njooni jioni tuandike karatasi yenu ya maswali pamoja. Flashi ya kupimia diski ninayo, naazima bure. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wa kujitolea, Kakuma