Kuishi na Kisukari (Sehemu ya Tatu): Kumhama Daktari Anayekufokea

Katika sehemu mbili zilizotangulia nilieleza kazi ya kongosho na namna ya kujichoma insulini. Leo nagusia jambo ambalo wagonjwa hulisema wakishatoka nje ya mlango wa hospitali: daktari anayefoka, na uhuru wa mgonjwa kumwendea mwingine.

Nianze na hesabu ya dawa, maana ukali wa daktari huingia humo moja kwa moja. Tuseme yupo mama mkulima kwenye vilima vya Mutoyi, mkoani Gitega, Burundi, aliyeandikiwa insulini asubuhi na jioni. Ni mwezi wa Novemba, akiba ya maharage imekwisha na mapya bado yako shambani, na zipo jioni analala bila kutia kitu tumboni. Anajua kwamba insulini ya jioni juu ya njaa inaweza kumpotezea fahamu, kwa hiyo siku hizo anairuka. Siku ya kliniki sukari inapimwa, iko juu. Daktari anamuuliza kwa ukali mbele ya foleni, "Mama, unachoma sindano au huchomi?" Naye, kwa aibu, anajibu, "Nachoma, Muganga." Daktari anaamini, anaongeza dozi. Mama anarudi nyumbani na hofu ya kufokewa tena, anaichoma dozi mpya yote kama ilivyoandikwa, na usiku wanawe wanamkuta ameloa jasho, haitiki anapoitwa.

Hesabu ya daktari ilikuwa sawa. Habari aliyoifanyia hesabu ndiyo iliyokuwa ya uongo, na sauti yake mwenyewe ndiyo iliyouzaa uongo huo. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba upole ni pambo la hospitali za matajiri. Mgonjwa wa kisukari hujitibu mwenyewe siku zote za mwaka, na daktari humwona kwa dakika chache tu kila baada ya miezi. Anachokijua daktari kuhusu siku zile nyingine ni kile ambacho mgonjwa amethubutu kukisema.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 891 wa kisukari. Walitumia kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, kipimo ambacho hakidanganyiki kwa kufunga kula siku moja kabla ya kliniki. Wagonjwa wa madaktari wenye huruma zaidi, asilimia 56 walikuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri. Kwa madaktari wenye huruma kidogo walikuwa asilimia 40. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa Parma, Italia. Huko walihesabiwa wagonjwa 20,961 na madaktari 242. Waliolazwa kwa madhara ya ghafla ya kisukari walikuwa 4 katika kila 1,000 kwa madaktari wenye huruma zaidi, na zaidi ya 6 kwa wale waliobaki. Tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba huruma peke yake ndiyo iliyoleta tofauti. Lakini nchi ni mbili, vipimo ni tofauti, na yote yameelekea upande mmoja.

Kwetu hofu ina mizizi mirefu zaidi. Septemba 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu hospitali za Burundi zilizowazuia wagonjwa wasiondoke hadi walipe. Mei ya mwaka huohuo serikali ilikuwa imetangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa wanawake wanaojifungua. Mtu mzima mwenye kisukari hakuwamo. Aliyeyaona hayo akiwa kijana leo ana umri wa kuugua kisukari. Akifokewa kwamba hakununua vipande vya kupimia sukari, hasikii maneno ya daktari peke yake. Ongeza kwamba mara nyingi daktari anaandika Kifaransa, mgonjwa anasema Kirundi, na muuguzi kati yao ana haraka.

Niwatendee haki madaktari. Mabingwa ni wachache, wengi wao wako Bujumbura, na anayeona foleni ndefu tangu alfajiri huchoka kama mtu yeyote. Daktari aliyekujibu vibaya mara moja mpe nafasi. Mwambie faraghani, "Muganga, nikifokewa nashindwa kukueleza ukweli." Wapo wanaobadilika siku hiyohiyo. Lakini ukijikuta unatunga majibu njiani kabla ya kufika, au unaruka tarehe ya kliniki kwa kumwogopa, mhame. Huko si kukosa adabu.

Utamwendea nani? Msomaji wa Buyenzi, jijini Bujumbura, anaweza kuchagua kati ya madaktari kadhaa. Wa Mutoyi au wa vijiji vya Muyinga hana anasa hiyo, na nauli ya Bujumbura, tangu mafuta yaanze kuadimika, inaweza kula fedha ya dawa yenyewe. Hapa tuwatazame majirani. Nchini Rwanda, kuanzia mwaka 2006, Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health waliwafundisha wauguzi wa hospitali za wilaya, Rwinkwavu ikiwa miongoni mwao, kuwatunza wagonjwa wa insulini na wa moyo, daktari akiwasimamia. Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika waliokutana Lomé waliupitisha utaratibu huo, uitwao PEN-Plus, kwa bara zima. Muuguzi aliyefunzwa, anayeijua njia ya kwako na msimu wa njaa wa kwenu, anaweza kukufaa kuliko bingwa wa mbali asiyekutazama usoni.

Mfano ni swali la friji. Mkali atakukemea kwa kutokuwa nayo. Mwenye kujali atakuuliza insulini unaiweka wapi, kisha akueleze kwamba chupa iliyokwisha kufunguliwa haihitaji friji. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha mwaka 2021 kwamba insulini iliyokaa wiki nne kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini, kinatosha.

Usichanganye upole na kubembelezwa. Anayekuambia uache insulini kwa kuwa ana mizizi ya kukuponya, hata akiongea kwa asali, mkimbie; mwenye kisukari cha utotoni anaweza kufa ndani ya siku chache bila insulini. Daktari mpole naye atakupima, atakuvua viatu atazame nyayo, na atakuambia ukweli kuhusu urwarwa, pombe yetu ya ndizi.

Kabla ya kuhama, ulizia kama kadi yako ya bima inakubaliwa huko uendako. Chukua daftari lako la matibabu na nakala ya vipimo, na uwe na insulini ya kukutosha hadi umwone daktari mpya. Siku ya kwanza mtajie sindano zote ulizoruka na sababu yake, kabla hajabadilisha dozi yoyote.

Sehemu ijayo: vidonda vya miguu.