Kamera ya Bei Nafuu Yatosha

Baadhi ya vijana wetu hutuuliza: asiye na mali nyingi anunue kamera gani? Sisi tumeijaribu Canon PowerShot A480 ya mwaka 2009, ambayo sasa hupatikana iliyokwisha kutumika. Picha yake ina nukta milioni 10, zitoshazo kuchapa ukurasa mzima. Nayo hutumia betri 2 kama zile za saa ya ukutani. Mchana, karibu na dirisha, hati kuukuu za wazee wetu zasomeka herufi kwa herufi. Usiku, penye taa hafifu, picha huwa na chengachenga. Basi kwa haja za nyumbani yatosha. Kuzidisha ni israfu. Walakini sura ya mtu ni amana: tusimpige picha ila kwa idhini yake, wala tusizitangaze siri za nyumba.