Ualimu Unavyotoka Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Kwa muda mrefu ualimu ulikuwa kazi ya upweke: mwalimu mmoja, darasa lake na ubao wake. Dan Lortie, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliieleza hali hiyo katika kitabu chake Schoolteacher cha mwaka 1975. Alionyesha kuwa mtu huanza kujifunza ualimu akiwa bado mwanafunzi, kwa saa nyingi mno za kuwatazama walimu wake. Ndiyo maana wengi hufundisha kama walivyofundishwa, hata baada ya kupita chuoni.

Mwaka 2000 mtafiti wa elimu Andy Hargreaves aliigawa historia ya taaluma hii katika vipindi vinne. Katika kipindi cha tatu, mwalimu hujifunza kwa wenzake. Mfano bora uko Japani. Huko walimu huandaa pamoja somo moja, tuseme la kujumlisha sehemu. Mmoja hulifundisha, na wengine husimama pembeni na daftari, wakiandika mwanafunzi gani amekwama na amekwama wapi. Kisha hukaa wakalichambua na kulirekebisha. Kwa kuwa somo limeandaliwa na wote, aliyefundisha habebeshwi lawama peke yake, na hapo ndipo penye nguvu ya utaratibu huu.

Kenya nayo, kwa msaada wa Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE mwaka 1998 kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Wilayani, wakufunzi walikuwa walimu wenzao.

Kuhusu kipindi cha nne, Hargreaves alionya kwamba ukaguzi na vipimo vikizidi, mwalimu hunyang'anywa uamuzi juu ya kazi yake mwenyewe.